Papa wa Mataa na Nyumba Zenye Njaa

Mtu akiniuliza leo kama nimewahi kuolewa, namjibu bila aibu kwamba ndiyo, nilikuwa mke wa mchungaji mchoyo wa ng'ombe kwa miaka sita, na mume wangu alikufa karibu kila Jumapili saa tisa alasiri. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa misheni yetu, huku juu Masisi, na siku zile wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaani. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwembamba wa mwili na wa sauti, basi nikavikwa kikwembe, kitenge cha kike, na mambo yakaisha. Lakini sikukaa chini kuandika habari zangu. Nataka kumwandika mtu ambaye watazamaji hawakumwona hata mara moja, yule aliyekaa nyuma ya pazia na kamba nne mikononi na kuku miguuni. Sote tulimwita Papa wa Mataa, yaani baba wa taa.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kule kwetu kila mtu yuko tayari kukutajia ukoo wako kabla hujamaliza kusalimia, lakini yeye akiulizwa alijibu, "Miye niko wa mataa," na mazungumzo yaliishia hapo.

Nisizunguke. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Mchana, juani, aliona kwa shida, kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Penye kivuli hakuona kitu. Na kazi yake ilikuwa kupima mwanga. Hatukujua. Tulikula naye, tukasafiri naye ndani ya kamio moja, lori la misheni, tukagombana naye miaka yote ile, sisi watu wenye macho mazima, na hatukujua. Yeye alijua vizuri kwamba siku tutakayogundua ndiyo siku atakayoachwa nyumbani, na kuachwa nyumbani aliogopa kuliko ugonjwa. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa, kamba, kuku, majivuno na matusi, myasome hivyo: ni mtu anayelinda kiti chake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na taa nne za pompi, zile za mafuta ambazo ukizipiga pompi huvuma na kutoa mwanga mweupe. Kila taa ilikaa ndani ya debe lililokatwa tumbo, na mbele ya tundu lile palining'inia bati la kulifunika. Papa wa Mataa akivuta kamba, bati lilipanda na mwanga ukamwagika jukwaani. Akilegeza, bati lilishuka na giza likaingia. Kwenye kamba alipiga mafundo, na kila fundo alilishikiza kwenye panda ya mti. Fundo la kwanza lilikuwa usiku, la pili alfajiri, la tatu adhuhuri. Mume wangu alikufa katika fundo la kwanza na kufufuka katika la pili, akiwa ametubu, tayari kumpa kila mgeni maziwa.

Kwa nini saa tisa alasiri? Kwa sababu wakubwa wa wakati ule hawakutaka kuona watu weusi wakitembea nje baada ya saa fulani ya jioni, hata kama wametoka kutazama mafundisho ya dini. Basi tulifika mahali jua likiwa linawaka, tukaziba madirisha kwa blanketi na majani ya migomba, tukafunga mlango, halafu ndani ya joto lile tukawasha jua letu wenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe nimeanza kuona ajabu juzi tu, nilipokuwa namweleza mjukuu wangu, na nikasikia maneno yanavyotoka kinywani.

Shida ilikuwa kusafiri. Fundo la alfajiri la Masisi, ukilipeleka Burungu, hutoa adhuhuri kali. Kule tulichezea katika nyumba ya kukusanyia maziwa, nayo ilipakwa chokaa ndani yote, hivyo mwanga mdogo tu uliruka kuta zote na kurudi. Fundo hilohilo, ukilipeleka Walikale katika kambi ya wachimba madini, hutoa usiku mtupu, maana kuta zilikuwa zimekolea moshi tangu zijengwe, na nje ule msitu ulisimama mlangoni. Watu wengine wangesema kuta nyeupe na kuta nyeusi. Yeye alisema njaa.

"Hii nyumba iko na njaa," alisema akiingia tu, akiwa amesimama mlangoni ameinua pua. "Ile ya Burungu inakulaka kidogo, inakurudishia. Hii itamaliza sufuria yote, na haitasema aksanti."

Basi kila nyumba aliitengenezea kamba zake, mafundo yake yakiwa mahali pake, na zote alizibeba katika mfuko mmoja wa gunia. Kamba za Burungu zilikuwa za ngozi ya ng'ombe. Za ukumbi wetu wa misheni zilikuwa za katani. Za Walikale alitumia mitambaazi ya msituni, na za Hombo zilikuwa za magome ya migomba. Tulidhani ni madaha. Katekista wetu, ambaye ndiye alikuwa mume wangu mchoyo, alimwuliza siku moja kwa nini asinunue kamba za aina moja kama watu wenye akili. Papa wa Mataa alimjibu kwamba watu wenye akili hawafi kila Jumapili. Leo najua kwamba aliingiza mkono tu mfukoni, akapapasa, na mkono ukamwambia amefika wapi.

Sasa kuku. Alikuwa mtetea mwekundu aliyekatika kidole kimoja cha mguu wa kushoto, na alisafiri nasi kila mahali, amekaa mapajani mwa Papa wa Mataa mbele ya kamio, mahali ambapo mimi, mwalimu mwenye cheti, sikuwahi kukaa. Tukifika, kabla ya watu kuingia, kuku aliwekwa juu ya sanduku katikati ya jukwaa. Papa wa Mataa alienda kwenye kamba zake, akafungua mabati polepole. Kuku akinyamaza, huo ni usiku. Akitoa ule mlio mmoja mdogo wa kuku anayeamka, hiyo ni alfajiri. Akiruka chini na kuanza kuparua, hiyo ni adhuhuri, na fundo linapigwa hapohapo. Muda wote huo mzee aliinamisha kichwa na kufumba macho. Tulidhani anasali. Katekista, aliyejiona mwenyeji wa sala, aliwahi kumwambia apunguze, kwamba kuku si altare.

Padri wetu, mzungu mrefu tuliyemwita Mupe kama watu wote wa Kivu wanavyowaita mapadri, alikipenda kipimo hicho kupita kiasi. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni na alikisema safi kutushinda. Wageni wakija aliwaleta nyuma ya pazia na kuwaambia, "Tazameni hekima hii. Huyu mzee hahitaji chombo chochote." Wageni walimtazama kuku kwa heshima. Mmoja alimpiga picha.

Tabia zake nyingine tulizitafsiri vibaya vilevile. Chai aliimimina akiwa ametia kidole kikombeni, na chai ikigusa kidole aliacha. Tukasema mchafu. Njiani hakukusalimia mpaka ukohoe, tukasema ana majivuno. Mwanafunzi wangu mmoja alimchekea kwa adabu bila kusema neno, akafokewa mbele ya kanisa zima: "Salamu ni ya mudomo, si ya meno!" Kila mtu aliyemkaribia na kikwembe au shati alimwambia, "Hiyo nguo yako iko chafu, uende kuifua." Aliwaambia wote. Na kwa vumbi la barabara zetu, hakukosea hata mara moja, hivyo akapata sifa ya mtu mwenye macho makali.

Na neno lake lililotuudhi kuliko yote lilikuwa hili. Ukimletea kitu, bati lililopinda ama kamba iliyokatika, ukasema, "Papa, tazama," alijibu papo hapo, "Usinionyeshe. Uniambie." Mimi mwalimu nilichukia. Niliona ananifanya mtoto anayesoma kwa sauti.

Kwake nyumbani hakukuwa na taa hata moja. Mkewe, mama mcheshi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilalamika waziwazi kila alipotuona. "Bwana yangu anaangazia Masisi yote na Walikale yote," alisema, "na miye naivisha maharagi kwa giza. Nikimuomba taa, ananiambia taa ni ya kazi!" Tulicheka sana. Mama naye alicheka. Sasa nafikiri yeye peke yake alijua, na kucheka kwake kulikuwa pazia lingine.

Alikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu, na mgomvi wake ni Katekista. Katekista alikuwa na tumbo kubwa na sura nzuri, na aliamini watu wanapanda milima kuja kutazama sura hiyo. Kila fundo kwake lilikuwa dogo.

"Papa, uso yangu haionekane!"

"Uso yako walishaiona kwa misa."

"Nakufa kwa giza, watu hawajue kama nimekufa!"

"Utalala. Ukiamka watajua."

Hayo yote yalikuwa mazuri mpaka Hombo. Kule barabarani, penye biashara na malori ya Bukavu, tulikuwa tumecheza mara mbili katika ghala moja lenye kuta za matope, na kamba za migomba ziliijua njaa yake. Mara ya tatu wenyeji, kwa kutuheshimu, walilipaka ghala chokaa. Walilipaka ndani na nje, wakatusubiri wakiwa wamejipanga. Papa wa Mataa alisikia harufu ya chokaa akasita mlangoni, akawa hakuziamini tena kamba zake, na akamweka kuku juu ya sanduku.

Ila kuku, wiki ileile, alikuwa ameanza kutamia. Hana yai hata moja, lakini alikuwa ametamia. Kila mfugaji anajua kuku wa namna hiyo: unaweza kuchoma nyumba, yeye amejivimbisha mahali pake na hana habari na ulimwengu. Papa wa Mataa akafungua bati kidogo; kuku kimya. Akafungua zaidi, kimya. Akafungua mpaka mwisho, na kwa ukimya ule akapiga fundo la usiku.

Mume wangu akaja kufa. Badala ya giza, ghala lote likawaka, nyeupe kotekote, huwezi hata kuficha unyayo. Katekista alilala chali na tumbo lake likapanda na kushuka mbele ya watu mia. Nzi akamtua puani. Alivumilia, nampa haki yake, alivumilia mpaka aya nzima ya maombolezo yangu ikaisha, halafu akainua mkono akajikuna. Mama mmoja wa mbele akasimama akapiga kelele, "Mufu anajikuna!" na hapo dini yote ikatoka mlangoni.

Mupe hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alimwita mzee kando ya kamio, nami nilikuwa upande wa pili nafungua kikwembe changu, nikasikia. "Papa," alisema kwa kile Kiswahili chake safi, "Jumapili ijayo tunakwenda Pinga. Mambo yakiharibika tena kule, utapumzika nyumbani, nami nitamweka mtu mwingine."

"Ndiyo, Mupe," alisema Papa wa Mataa. Halafu akabaki ameshika mlango wa kamio muda mrefu, kama mtu aliyesahau unafunguliwa upande gani.

Pinga ni mbali, na siku zile ilikuwa mbali zaidi. Tulisukuma kamio kuliko ilivyotubeba. Tulifika karibu na adhuhuri, tumepakwa tope mpaka masikioni, na Papa wa Mataa akashuka wa kwanza kama kawaida yake, kuku kwapani. Kuku alikuwa amekwisha kuacha kutamia, tumshukuru Mungu, na mzee alikuwa amempa mahindi njia nzima kwa mkono wake. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuja mbio akipiga makofi ya kukaribisha. Akamwona mzee mwenye mvi anayetangulia wenzake, ameshika kuku. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Mgeni mwenye heshima hafiki mikono mitupu, na kuku aliye kwapani mwa mgeni ni wa nyumba ile. Mama akapiga magoti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili, akampokea kuku.

"Aksanti sana, Papa. Mumetuheshimu."

"Aksanti, Mama," akasema mzee, na akamwachia. Alidhani anampeleka kivulini, ampe maji.

Kusema kweli nami sikushtuka. Nilikuwa nasalimiana na watu, na tope lilikuwa linanikaukia. Nilishtuka wakati chakula kimefika. Wali wa Walikale, mafuta ya mawese, na kuku. Kwenye sahani nikaona mguu wa kushoto uliokatika kidole.

Nilimgonga Katekista kwa kiwiko, nikamwonyesha. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akasema polepole, "Nyama ni nyama," akachukua kipande cha pili. Nani angesema? Mama alikuwa amesimama pale anatutazama tukila, uso wake unang'aa. Na firigisi, kama adabu inavyotaka, alipewa mzee wetu mkubwa. Papa wa Mataa aliitafuna taratibu, muda mrefu, akameza, akafuta midomo.

"Mama," akasema, "hii kuku iko na chumvi muzuri."

Nilikula paja. Naliandika hapa kwa sababu kama sitaliandika halitaniacha.

Mahali pa kuchezea palikuwa hangari mpya ya kuwekea mpunga. Hatujawahi kuikanyaga, hakuna kamba mfukoni iliyoijua. Ilikuwa ndefu, kuta za mbao nyeusi, nusu yake magunia. Watu walikuwa tayari wanajazana nje. Nilipoingia nikiwa nimekwisha kuvaa kikwembe na kilemba, nilimkuta Papa wa Mataa peke yake, amepiga magoti mbele ya taa moja iliyowashwa, kiganja chake juu yake. Alikuwa anapima mwanga kwa joto.

"Papa, kuku iko wapi?" niliuliza, mimi mpumbavu, na paja lake limo tumboni mwangu.

"Imechoka na safari. Nimeiacha ipumuzike."

Kisha nikanusa ngozi ikiungua. Niliuvuta mkono wake. Kiganja kilikuwa kimeungua, kimejaa lengelenge. Nikatoa kitambaa changu, nikakinyoosha mbele ya uso wake, karibu kabisa, kumgusa pua. Hakukipokea. Aliendelea kuzungumza na nguzo iliyokuwa nyuma yangu, anailalamikia njaa ya nyumba hii.

"Papa," nikasema, "tazama."

"Usinionyeshe," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na kiburi hata kidogo. "Mwalimu, uniambie tu."

Miaka yote nililisikia neno hilo kama tusi, na kumbe lilikuwa ombi. Nilikaa chini kwenye gunia la mpunga na kikwembe changu. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu. Halafu nikasikia sauti ya Mupe nje akiwapanga watu, na nikaogopa kuliko mzee mwenyewe.

"Tangu wakati gani?"

"Mbele ya weye kuolewa," akasema, yaani kabla sijavikwa kikwembe, na wallahi alicheka. Kisha akanikamata mkono. "Mupe asijue. Miye nitafanya nini kwa nyumba? Nitakaa nasikia maharagi inachemka?"

"Nitakuambia," nikasema. "Lakini nitakuambia namna gani? Weye uko nyuma ya pazia, miye niko kwa jukwaa."

Alifikiri kidogo tu, mzee yule.

"Weye njo bibi," akasema, kwa maana kwamba mke ndiye mimi. "Bibi anasemaka."

Mlango ukafunguliwa, watu wakaingia, mlango ukafungwa, madirisha yakazibwa. Mchezo ulianza kwa mimi kufagia ua wa mume wangu asubuhi. Mwanga ulikuja mkali, ukanipiga machoni mpaka machozi. Katika maneno ya Mupe nilipaswa kuimba. Badala yake nikaegemea ufagio nikasema kwa sauti yangu yote nyembamba:

"Mume wangu! Jua la leo limeamka na hasira!"

Nyuma ya pazia bati likashuka. Likashuka mno. Sikuona hata ufagio.

"Loo! Sasa limerudi kulala! Mwiteni!"

Likapanda kidogo. "Hapo, jua, mwanangu," nikasema, "kaa hapo." Nikasikia kamba ikifungwa. Hangari nzima ilianza kucheka. Katekista alitoka na fimbo yake ya uchungaji, ananitolea macho, kwa sababu hapa kulikuwa na maneno yake mazuri juu ya ng'ombe, na hakuna aliyeyasikiliza. Kila alipotembea upande mmoja taa ya upande ule ilikuwa na tabia yake, nami nikamfuata nikilalamika juu ya mawingu, ukungu, mvua inayokuja kutoka kwa jirani. Watu wa Pinga hawakuwahi kuona mwanamke anayegombana na hali ya hewa namna ile. Wanawake wakaanza kunijibu. "Mwambie tena, mama!"

Ikafika saa ya kifo. Katekista akaanguka. Mwanga ukafifia vizuri, ukafifia zaidi, ukakaribia kuzimika kabisa.

"Mume wangu, mbona giza hivi?" nikalia.

Katekista, akiwa maiti nusu, hakuweza kuvumilia tena. Aliinua kichwa. "Mwanamke, nyamaza! Mimi ninakufa!"

"Utakufaje na mimi siuoni uso wako?"

Mwanga ukapanda, polepole, kwa adabu, ukafika usoni mwake, ukasimama hapo. Ni uso tu uliowaka, vingine vyote giza. Katekista alikuwa amengojea mwanga huo miaka yote. Akaulaza uso wake ndani yake akafa vizuri ajabu, bila kujikuna, na mama mwenye nyumba, yuleyule aliyetupikia kuku, akaanza kulia kwa sauti.

Mupe alinikuta baadaye nikivua kilemba. "Mwalimu," akasema, "maneno yale hayamo katika mchezo wangu." Nikainamisha kichwa. "Yaandike," akasema. "Yatabaki." Wala hakugusa tena habari ya kupumzika nyumbani. Hivyo tukaendelea, Papa wa Mataa na mimi, tukarudi Burungu na Walikale na hata Hombo, nami nikawa mashuhuri barabara yote ile kama mke mlalamishi wa jua. Katekista alisema nimeharibu sanaa. Lakini kuhusu yule kuku, mzee hakuuliza hata siku moja, na sisi hatukumwambia. Alipata mtetea mwingine, mweupe, akamweka mapajani mbele ya kamio kama zamani. Huyo alikuwa wa maonyesho tu.

Kilichotutenganisha haikuwa macho yake. Misheni ilipata motere ya umeme, ikafungwa kando ya ukumbi kwa saruji, na motere haipandi kamio. Safari zikaisha. Papa wa Mataa alipelekwa kusikiliza swichi. Aliibonyeza mara mbili. "Ndiyo, hapana. Ndiyo, hapana," akasema. "Hii haina fundo." Akakusanya kamba zake zote ndani ya gunia akaenda kukaa Burungu, kwa binti yake aliyeolewa na wafugaji, na mimi nikahamishiwa shule nyingine.

Miaka michache ilipita kabla sijaenda kumtazama. Nilipanda mlima na kuku kwapani, mwekundu, niliyemtafuta soko zima. Mkewe alinitambua kutoka mbali, akashuka kunipokea, akanyoosha mikono yote miwili, akageuka moja kwa moja kuelekea jikoni.

"Mama!" nikapiga kelele. "Hiyo si ya kupika!"

Alinishangaa sana, na alikuwa na haki.

Papa wa Mataa alikuwa amekaa mbele ya mlango, juani. Macho yalikuwa yameisha yote sasa, meupe. Kwa kelele zangu alikwisha kujua ni nani, na nilipomweka kuku mapajani mwake alimshika mguu wa kushoto, akahesabu vidole.

"Huyu iko na vyote," akasema.

Chini kwenye malisho ng'ombe walikuwa wanaitana.

"Ulijua," nikasema.

"Nilisikia sauti yake kule jikoni. Mara moja tu." Alimpapasa kuku mgongoni. "Ningesema ile kuku ni yangu, Mupe angeniambia, Papa, basi leo tumia macho. Na macho ilikuwa wapi? Njo nikaikula. Na ile firigisi ilikuwa ngumu, mwalimu, ngumu sana."

Nililia, sikuficha, hakuna haja ya kuficha mbele yake. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa kamba ya ngozi ya ng'ombe, ya nyumba ileile ya maziwa. Alikuwa amefungua mafundo yake yote. Akaiweka juu ya magoti, ncha moja mkononi, akageuza uso kuelekea malishoni.

"Leo iko namna gani?" akauliza.

Nikafuta pua. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, na mvi zinaanza. Nikaitafuta sauti ile nyembamba, nikaipata.

"Mume wangu," nikasema, "jua la leo limezidi."

Alilegeza kamba kidogo. Na ukungu wa Masisi, ambao hauna saa, ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, ukapita juu ya malisho, ukafika uani kwetu. Mkewe alisimama mlangoni pa jikoni.

"Na hivi?"

"Bado kidogo."

Akalegeza tena. Ng'ombe wakawa weupe, halafu hawakuonekana. Kuku aliyekuwa mapajani mwake akatoa ule mlio mmoja mdogo, akaingiza kichwa chini ya bawa.

"Na hivi?"

"Hapo," nikasema. "Hapo njo muzuri, Papa. Funga."

Akapiga fundo.